Nilivyopigwa leza kwenye retina, na yaliyonipata baadaye

Nina kisukari kwa miaka 16 sasa. Jicho la kulia nilimaliza kupigwa leza miezi minne iliyopita, kwa awamu tatu, na kila anayesikia huniuliza jambo moja: inauma? Nitajibu. Ila ningefurahi zaidi kama mtu angenieleza mapema yanayokuja ukishatoka kwenye kile kiti, maana huko ndiko nilikopata hofu yangu kubwa.

Kwanza, hii si ile leza ya kuachana na miwani. Ile hufanywa kwenye konea, mbele ya jicho. Yangu ilipigwa nyuma kabisa, kwenye retina, ule utando wa ndani unaopokea mwanga ili tuone. Sukari ilikuwa imeziba mishipa midogo ya damu, jicho nalo likaotesha mishipa mipya, dhaifu, inayopasuka kirahisi. Daktari huchoma pembezoni mwa retina ili sehemu hiyo isiendelee kudai oksijeni, na mishipa ile mipya inywee. Kwa maneno mengine, unatoa pembeni ili uokoe katikati, pale unaposomea na kutambulia sura za watu. Uono uliokwisha kupotea haurudi. Daktari alinitamkia hilo mara mbili, na ni ile ya pili iliyoniingia. Kilichonifanya nikubali ni kuambiwa kwamba utafiti mkubwa wa Marekani wa miaka ya 1970 ulionyesha tiba hii inapunguza hatari ya upofu mkubwa kwa nusu au hata zaidi.

Siku yenyewe unatiwa matone ya kupanua mboni, unasubiri, unatiwa ya ganzi, kisha unaegemeza kidevu na paji la uso kwenye mashine. Daktari akanibandika jichoni lenzi mfano wa kikombe kidogo chenye jeli baridi, hata kupepesa huwezi. Mwanga wa kijani ukaanza kupiga mfululizo. Awamu ya kwanza ilikuwa kero ya mwanga tu. Ya pili, alipofika pembeni ambako neva hupita, kila mpigo ulikuwa kama jino bovu linaloguswa, ila jino lenyewe liko nyuma ya jicho. Nikanyanyua mkono kama tulivyokubaliana, akasimama, akapunguza nguvu. Awamu ya tatu nilimeza paracetamol saa moja kabla, kwa ushauri wake, nikavumilia mpaka mwisho. Kwa hiyo ndiyo, inauma, ila si muda wote wala si kwa kila mtu.

Ukishuka kitini, jicho lililopigwa huona zambarau tupu kwa dakika kadhaa. Mimi nilidhani limekwisha. Zambarau ikapungua, ukaja ukungu uliokaa mpaka kesho yake. Mboni hubaki wazi kwa saa nyingi, jua linachoma kama sindano, kwa hiyo nenda na miwani ya jua na mtu wa kukushika mkono, na usiendeshe gari siku hiyo. Hakuna mshono wala kidonda cha nje. Kichwa kiligonga jioni, asubuhi nikaenda kazini.

Wiki moja baada ya awamu ya pili, mistari ya daftari ikaanza kupinda. Nikifumba jicho la kushoto, herufi za katikati zinafifia, za pembeni zinabaki. Walinipiga picha ya matabaka ya retina, wakakuta sehemu ya katikati imevimba. Nilielezwa kuwa leza nyingi za pembeni zinaweza kuleta uvimbe huo, hasa kama ulikuwa umeshaanza kidogo. Nilidungwa sindano ya dawa ndani ya jicho, awamu ya tatu ikasogezwa mbele, na mistari ikanyooka polepole. Hapo nawasifu: walinisikiliza, walinionyesha picha, walinieleza.

Sifa hizo siwezi kuwapa kwa lililofuata. Siku ya 19 baada ya awamu ya mwisho, nilikuwa nimeinama kufunga kamba za viatu. Ukatokea uzi mweusi ndani ya jicho, ukajipinda, ukasambaa kama wino kwenye glasi ya maji. Ndani ya dakika tano nilikuwa naangalia dunia kupitia moshi. Nikapiga simu kituoni, na aliyepokea akaniambia nisubiri miadi yangu, wiki mbili mbele. Jibu hilo lingeweza kumpofusha mtu. Mvua ya vidoa vyeusi ya ghafla, vimulimuli, kivuli kama pazia linaloshuka, au maumivu makali yenye kichefuchefu, yote hayo ni ya kuonwa siku hiyohiyo, na kwenye karatasi niliyopewa hapakuwa na hata moja.

Nikaenda hivyohivyo bila miadi. Daktari wa zamu alishindwa kuona retina kwa ajili ya damu, akanipima kwa ultrasaundi na kukuta haijabanduka. Kumbe leza huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, na mishipa ile inaponywea inaweza kuvutika na kuvuja. Nikaambiwa nilale kichwa kikiwa juu kwenye mito ili damu itulie chini, nisinyanyue vizito, na isipokauka yenyewe kuna upasuaji wa kutoa ute unaojaza jicho, pamoja na damu iliyoingia humo. Yangu ilichukua wiki saba. Nilipima maendeleo kwa kalenda ya ukutani: kwanza niliona weupe wake tu, baadaye jina la mwezi, mwisho tarehe.

Kilichobaki ni usiku. Nikitoka kwenye mwanga kuingia gizani, jicho la kulia huchelewa sana kuzoea, na mlango wa kabati ulioachwa wazi upande huo nimeugonga mara mbili. Nimeacha kuendesha gari usiku. Hili halitapona, kwa sababu palipochomwa pamechomwa.

Jirani yangu wa benchi alipigwa leza kuzunguka mpasuko wa retina, na masharti yake yalikuwa mengine: asiruke wala kukimbia mpaka kovu lishike, kama wiki mbili hivi. Basi usichukue masharti ya mwenzako, hata kama mashine ni moja.

Je, nawashauri wengine? Tiba yenyewe, ndiyo, bila kusita. Kwenye kipimo cha mwisho mishipa mipya imenywea na bado nasoma kwa jicho lile. Kituo kile, bado. Jicho la kushoto linaanza mwezi ujao, mahali pengine. Maswali yangu nimeshayaandika. La kwanza ni namba gani nipige usiku wa manane, na nani atapokea. La pili, je, picha ya katikati ya retina itapigwa kabla ya awamu ya kwanza.