Nimelipa kusikia historia ya Stanley, nikaambulia kejeli

Wale wanaotembeza watu kwa miguu katikati ya Nairobi sitawataja jina. Nawastahi, ingawa wao hawakunistahi.

Ziara yao niliilipia juzijuzi kwa sababu ya hoteli moja tu, Stanley. Tumefika pale Kimathi Street inapokutana na Kenyatta Avenue, kijana akaunyoshea ukuta kidole akasema jengo hili ni la 1902. Hili hili! Nikamwambia taratibu, mwanangu, ile ya 1902 ilikuwa Victoria Street, Tom Mboya ya leo, na iliteketea kwa moto 1905. Mayence Bent, mama aliyeianzisha, akahamia Government Road, ambayo sasa ni Moi Avenue. Hapa tuliposimama pamefunguliwa 1913, na ndiyo sababu watu waliizoea kwa jina la New Stanley.

Akavua miwani ya jua, akanipima kuanzia viatu hadi kilemba. "Mama, umekuja kutembezwa ama kutufunza? Kama unajua yote si ungebaki nyumbani?" Kundi zima likacheka. Nina kijana wa umri wake mimi.

Na hebu fikiria upuuzi wenyewe: mwanamke kaunguliwa na hoteli, kahama, kahama tena, kaijenga upya, halafu wewe unaificha hadithi tamu hivyo ili ukuta uongezewe miaka kumi na moja!

Haya, haki yake nimpe. Tulipofika mkahawa wa Thorn Tree alijua kusimulia. Ule mgunga, enzi za kabla ya simu za mkononi, msafiri alikuwa anabandika ujumbe kwenye shina na mwenzake anaukuta siku nyingi baadaye. Akaingia kwenye habari za madalali wa hisa waliokuwa wakiuziana humo humo hotelini, kahawa mezani, kabla Soko la Hisa la Nairobi halijaundwa 1954. Hasira zikaniisha kabisa. Mkono ulishaingia mkobani kutafuta bakshishi.

Ndipo mgeni mmoja akauliza swali la maana kuhusu ule moto. Jibu? "Muulize huyo mama, yeye ndiye Google yetu leo."

Mkoba nikafunga. Nyota moja, na hiyo ni ya mgunga. Nimewaandikia barua pepe kudai nusu ya pesa zangu, kimya mpaka leo. Ukienda nao, nenda kwa ajili ya Thorn Tree, na tarehe zao usizinukuu popote.