Toroli, Magurudumu ya Maji na Mvuke Usiokuwepo: Tathmini ya Dwarf Fortress kutoka Lamu

Kwa miezi kumi sasa nimekuwa nikicheza Dwarf Fortress kwenye kompyuta ya mkononi nyumbani kwetu Mkomani. Katika tathmini hii nitayaacha mazimwi na vita, nizungumzie jambo lililonishika kuliko yote, yaani namna mzigo unavyosafirishwa ndani ya ngome na nguvu inayousukuma. Mchezo huu ni kazi ya ndugu wawili wa Marekani, Tarn Adams na Zach Adams. Ulianza kutolewa bure mwaka 2006, na toleo lenye picha na sauti likaingia sokoni Desemba 2022 kwa dola 29.99. Mchezaji huwaongoza vibeti saba wanaofika porini na gari la kukokotwa na wanyama, wakachimba mwamba, wakajenga makao, na wakipata riziki wengine huja kuhamia.

Mkaazi wa Lamu hahitaji kufafanuliwa kwamba kujenga ni kubeba. Gari haliingii katika vichochoro vyetu. Mchanga na mawe hushushwa ufukoni kutoka kwenye majahazi, kisha punda na mahamali ndio wanaoamua nyumba itainuka lini. Dwarf Fortress inalijua jambo hili kwa undani ambao sijauona katika mchezo mwingine wowote wa kujenga. Katika michezo mingi ukishachimba jiwe linaingia ghalani lenyewe. Hapa jiwe linabaki pale lilipoanguka mpaka kibeti fulani, mwenye njaa yake na uchovu wake, aende kulichukua, na akipandisha ngazi nyingi na mzigo mzito utamwona anavyojikokota.

Hadi mwaka 2012 karibu kila kitu kilibebwa mikononi. Mwaka huo ndipo wilbaro na toroli za reli zilipoongezwa, na kwa maoni yangu toroli ndizo sehemu bora ya mchezo mzima. Toroli moja huchukua mawe makubwa matano au magogo kumi. Reli huchongwa moja kwa moja kwenye sakafu ya mwamba, au hujengwa pale ambapo mwamba haupo. Mchezaji hupanga vituo, huamua toroli ingoje ijae au iondoke kila baada ya muda fulani, na huchagua kama kibeti ataiongoza kwa mkono, ataipanda, au ataisukuma na kuiacha iende zake. Baada ya hapo mwendo hutawaliwa na mteremko, msuguano na uzito. Toroli iliyosukumwa kwenye mteremko mrefu hushika kasi, na ikifika kwenye kona kwa kasi kubwa huacha reli na kuruka na mzigo wake.

Hilo nilijifunza kwa uchungu. Katika ngome yangu ya tatu nilichonga reli iliyoshuka tabaka kumi na mbili moja kwa moja hadi kwenye karakana za wahunzi, bila kuweka kizuizi cha reli hata kimoja. Toroli ya kwanza iliyojaa mawe ya chuma ilimkuta mhunzi wangu bora amesimama katika mraba wa mwisho, na hakupona. Kosa lilikuwa langu kabisa. Vizuizi vipo, vina viwango tofauti vya msuguano, na vinaweza pia kumwaga mzigo pembeni toroli inapofika. Sasa naviweka mapema, na palipo na kona kali namwachia kibeti aiongoze toroli kwa mkono, kwa sababu inayoongozwa hivyo haiachi reli.

Siku moja ami yangu, ambaye amechukuza mchanga kwa punda tangu ujana wake, aliketi nyuma yangu akatazama kioo kwa muda mrefu bila kusema neno. Toroli ilipanda imejaa mikuo ya chuma, ikamwaga, ikashuka tupu. Ikapanda tena, ikashuka tena. Hatimaye akauliza, "Mwanangu, na hicho kinachoshuka kitupu, kinashukia nini?" Nilikuwa sijaliwazia. Wahunzi wa chini walikuwa wakipanda tabaka zote zile kutafuta chakula na kinywaji, huku toroli tupu ikiwapita njiani. Nikabadilisha ratiba, toroli ikawa inateremsha mapipa ya pombe na chakula na kupandisha chuma, na wahunzi wakawa hawaachi kazi nusu ya siku. Nautaja mkasa huu kwa sababu unaonyesha jinsi mchezo ulivyo mkweli: mtu ambaye hajawahi kushika kompyuta, lakini anaujua mzigo, aliona kosa la njia yangu.

Sasa niingie kwenye nguvu. Gurudumu la maji lililowekwa juu ya maji yanayotiririka hutoa vipimo 100 vya nguvu, na lenyewe hula 10. Kinu cha upepo hutoa 20 au 40 kutegemea mahali, na penye upepo hafifu hakitoi kitu. Nguvu hiyo hupitishwa kwa mihimili na gia, ambazo nazo hukata fungu lao njiani, hadi kwenye mawe ya kusagia, rola zinazosukuma toroli, au pampu za parafujo. Pampu moja hutumia vipimo 10 na hupandisha maji, au magma (mwamba ulioyeyuka kwa moto), tabaka moja tu. Anayetaka kuleta magma kutoka vilindini, umbali wa tabaka mia, atahitaji pampu mia zilizopangwa moja juu ya nyingine, zote za vifaa visivyoungua, na nguvu ya vipimo 1,000 kabla hata ya kuhesabu mihimili. Njia ya pili ni kuichota magma kwa toroli ya chuma na kuipandisha kidogo kidogo. Mimi huchagua toroli, kwani pampu nyingi humaliza vyuma vyangu na miminiko mingi inayotiririka kwa pamoja huufanya mchezo uende polepole.

Wengi huuliza kwa nini, pamoja na maji, moto, chuma na makaa ya mawe yote haya, hakuna injini ya mvuke. Magma ikikutana na maji hugeuka mwamba mweusi wa obsidiani na mvuke hupanda, lakini mvuke huo hauzungushi hata gia moja. Sababu inajulikana: Tarn Adams ameweka mpaka wa teknolojia karibu na mwaka 1400, na injini ya mvuke ya Thomas Newcomen ya kuvutia maji migodini ilikuja mwaka 1712. Wapo wanaojibu kwamba Heron wa Aleksandria, mvumbuzi wa kale, alikwisha kueleza tufe linalozungushwa na mvuke katika karne ya kwanza. Ni kweli, ila tufe lile halikusaga nafaka wala kuvuta mzigo, na kwa hiyo naona mpaka uliowekwa ni wa haki.

Kasoro ninayoiona mimi iko kwingine, nayo ni kwamba nguvu ya maji ni rahisi mno. Gurudumu moja likiendesha pampu, na pampu hiyo ikarudisha maji yaleyale chini ya gurudumu, hubaki vipimo 80 vya ziada milele, bila mto wala mvua. Maadamu mzunguko huo unawezekana, hakuna mchezaji atakayehangaika kuchoma makaa ili apate mvuke. Ningependa kwanza mlango huo ufungwe. Kisha, kama mvuke utaingia siku moja, uje na gharama yake kamili: tangi la chuma la kuchemshia, maji ya kujaza kila mara, makaa yanayogombaniwa na wahunzi, na hatari ya tangi kupasuka likiachwa bila mwangalizi. Hapo reli na toroli zingepata kazi mpya ya kulisha matangi, na ngome iliyo mbali na mto ingekuwa na sababu ya kuchimba makaa ya mawe badala ya kuyapuuza.

Maelezo yote ya mchezo yako kwa Kiingereza, na sehemu ya ratiba za toroli ndiyo ngumu kuliko zote; mgeni atenge jioni mbili au tatu kwa ajili yake peke yake. Baada ya kuupakua, mchezo hauhitaji intaneti. Asiye na dola hizo thelathini anaweza kuanza na toleo la bure linalotumia herufi na alama badala ya picha, lenye reli zilezile, toroli zilezile na magurudumu yaleyale. Ngome yangu ya sasa iko kando ya mto mdogo, na wiki hii nachonga reli ya pili sambamba na ya kwanza, ili toroli zinazoshuka na chakula zisikutane na zinazopanda na chuma.