Upasuaji wa mkato mdogo shingoni: kovu nimelisamehe, simu sijaisamehe
Niliahidi nyumbani kwamba nitaandika haya nikishapoa. Sijapoa, naandika hivyo hivyo.

Nilikuwa na tezi moja ya paratairoidi iliyovimba. Watu wakisikia hivyo hudhani ni goita, siyo. Hizi ni tezi ndogo, kwa kawaida nne, zimejificha nyuma ya tairoidi, na ikiwa nzima kila moja ni kama punje ya mchele. Yangu iliyoasi ilikuwa inachota kalsiamu kwenye mifupa na kuimwaga kwenye damu. Mawe ya figo mara mbili, magoti kuuma, usahaulifu mpaka watoto wakanicheka, na kila nilikokwenda naambiwa ni umri.

Upasuaji wenyewe? Sina neno baya. Zamani walifungua shingo na kuzikagua tezi zote nne. Kwangu mimi walishajua kwa ultrasaundi na picha ya dawa ya mionzi kwamba mkorofi yuko chini, kushoto, wakachana hapo hapo tu, sentimita mbili na nusu. Na kuna jambo lilinifurahisha, maana napenda kujua kazi inavyokwenda: wakishaitoa hawana haraka ya kufunga. Wanasubiri dakika kumi, wanachukua damu tena, na homoni inayotoka kwenye tezi hizi ikiwa imeshuka kwa zaidi ya nusu wanajua mwizi ni huyo, hana mwenzake. Homoni hiyo huisha upesi kwenye damu, ndiyo maana jibu linakuja wewe bado uko kwenye nusukaputi. Daktari alinieleza mwenyewe, akanichorea juu ya boksi la glavu. Sauti yangu haikukwaruza hata siku moja. Nyota tano, na angeomba sita ningempa.

Usiku wa pili, niko nyumbani, midomo ikaanza kunichonyota kama nimelamba betri. Nikapuuza. Kisha ncha za vidole. Nilipotaka kufungua kifungo cha gauni la kulalia mkono wa kulia ukakakamaa: vidole vinne vimenyooka vimebanana, gumba limelala kiganjani, na sikuweza kuvitenganisha. Mume wangu ndiye aliyebonyeza namba ya wodi.

"Sista, midomo ina ganzi, na vidole vimekakamaa."

"Mama, wewe si ulifanyiwa ule mdogo?"

"Ndiyo."

"Basi hayo si ya kwako. Hayo huwapata wenye mkato mkubwa. Kunywa maji ulale."

Akakata.

Ati si ya kwangu! Kalsiamu inajuaje urefu wa mkato? Zile tezi tatu zilizobaki zilikuwa zimezoea kulala, mwenzao alikuwa anafanya kazi yote, na mifupa iliyoibiwa miaka yote ile sasa ilikuwa inadai chake. Hilo lingetokea hata kama tezi ingetolewa kwa kupitia puani.

Tulirudi alfajiri. Kalsiamu ilikuwa chini, wakanitundikia dripu yake, polepole, na mashine ya moyo imenaswa kifuani. Dripu haijaisha, midomo ikawa yangu tena. Ndipo kijana wa zamu alipofunua faili akakuta cheti cha vidonge vya kalsiamu, kimeandikwa vizuri kabisa, kimebanwa kwa pini nyuma ya karatasi ya ruhusa. Hakuna aliyenipa. Nilipouliza, mmoja akasema, "Tuliona kidonda chenyewe kidogo."

Niliweka nyota moja, nikafuta, nikaweka tatu. Si haki fundi achapwe kwa kosa la mwingine. Lakini na yeye daktari, si angeangalia naondoka na nini mkononi? Mbili basi. Halafu najitazama kwenye kioo, kovu limezama kwenye mkunjo wa shingo, magoti kimya, na juzi nimetaja namba ya simu ya dada yangu kwa kichwa, bila kuitazama popote. Nikaona haya, nikarudisha tatu. Nikikumbuka "kunywa maji ulale", mbili.

Wifi yangu naye amekutwa na ugonjwa huo huo. Nimempeleka kwa daktari yule yule, sikumtafutia mwingine. Ila nimemwambia siku ya ruhusa asivae viatu mpaka vidonge viwe mkononi.