Kilabu cha mnazi barabara ya Pangani: fika saa saba, jioni umechelewa

Kipo nje ya Tanga mjini, kabla ya kufika Tongoni: banda la makuti, mabenchi machache, madumu yamefunikwa kwa gunia bichi. Bia hakuna, friji hakuna. Ni mnazi tu, na wenye kilabu wanafanya jambo ambalo wauzaji wengi hawalijali: mnazi wa asubuhi hauchanganywi na wa jana jioni. Kila dumu lina zamu yake, na ukiuliza unaambiwa.

Faida yake iko kwenye ulimi. Mgema hupanda asubuhi na jioni, hukata ncha ya karara (chipukizi la maua ya mnazi) kwa kotama, kisu chake, kipande chembamba tu ili pasizibe, kisha huacha kibuyu kikinga. Maji yanayodondoka ni maangavu, matamu, yana sukari kiasi cha asilimia 12 hadi 15, na kilevi bado. Hamira ya asili imo hewani na kwenye karara, lakini hasa kwenye sira zilizobaki kibuyuni. Ndiyo maana tembo, yaani huo mnazi wa kunywa, huanza kuumuka lingali juu ya mti. La asubuhi limeumuka kwa baridi ya usiku. La jioni limeshinda juani, hivyo huwahi kuchachuka.

Saa tatu asubuhi utapewa tembo tamu, zuri kwa asiyezoea. Saa saba mchana ndipo penyewe: rangi ya maziwa yaliyozimuliwa, povu dogo dogo, utamu umepungua, na kaukali kanakochoma ulimi kama soda. Usidanganywe na ulaini huo, kilevi chake ni asilimia 4 au 5, sawa na bia. Kufika saa kumi na moja dumu lilelile limekuwa kali, siki inanukia. Wazee wa pale wanalitaka hivyo hivyo, kwetu limeshapita.

Maji hayakutiwa. Mnazi uliozimuliwa kisha ukatiwa sukari hujulikana: povu hukatika upesi, na utamu unabaki mdomoni peke yake, bila uchachu wowote nyuma yake. (Sifa hizi mgema asizisikie.)

Lawama ni za usafi. Kitambaa kimoja kinachuja kutwa nzima, na bilauri zinasuuzwa kwenye beseni ambalo maji yake hayabadilishwi. Nenda na kikombe chako. Siku za masika uliza kama vibuyu vilifunikwa, maana mvua ikiingia mnazi huwa chapwa na hakuna wa kulaumiwa. Muhogo wa kuchoma na pilipili unapatikana, pweza kwa bahati.

Wa kubeba, dumu la lita 5 lijazwe lita 4 basi, na kifuniko kilegezwe. Uumukaji hausimami njiani. Dumu lililokazwa huvimba, na kwenye bodaboda ya barabara hii litapasuka kabla hujafika Chumbageni. Chupa ya kioo usiijaribu kabisa. Barafu hupunguza kasi tu, haizuii.

Mnazi ukilala hadi kesho kutwa usiumwage. Funika mdomo wa chombo kwa kitambaa safi, weka kivulini wiki kadhaa, upate siki ya achari ya embe.