Gari la kulala porini: kati ya shokapu, springi na vibao vya kusawazishia, ununue kipi kwanza?

Kati ya geti la Naabi na Seronera, Serengeti, kuna rasta, yale matuta madogo ya mfululizo, zinazoweza kulegeza nati ambayo fundi alikuapia ameikaza. Safari yangu ya kwanza na gari la kulala, Land Cruiser hardtop ya injini ya 1HZ, hema juu na kabati za mbao nyuma, nilipita pale nikiwa na springi mpya kabisa. Muuzaji alinisifia: "Hizi hazilali, bosi." Kweli, hazikulala. Na sisi hatukulala. Trei ya mayai iligeuka uji, bawaba ya kabati ikang'oka, na tulipofika kambini shokapu ya nyuma kushoto ilikuwa inachuruzika mafuta. Usiku tukaegesha kwenye mteremko, vichwa vikawa chini kuliko miguu, mama watoto akahamia kiti cha mbele na shuka lake.

Kosa halikuwa la springi peke yake. Nilianza kununua vitu vya kupendeza macho, badala ya vitu vinavyoondoa mtikisiko. Nimepanga hapa kwa jinsi ambavyo ningenunua leo. Nazungumzia zaidi Land Cruiser 70, maana ndiyo tunayoishi nayo, lakini mwenye Prado au HiAce atapata lake.

Kabla ya duka, mizani

Chukua gari likiwa limejaa kama siku ya safari: maji, mafuta, gesi, vyombo, watu. Lipeleke kwenye mizani ya kinu cha nafaka au ya wanunuzi wa vyuma chakavu. Pima gari zima, kisha pandisha magurudumu ya nyuma tu upime mara ya pili. Linganisha na uzito wa juu ulioandikwa kwenye bamba la gari. Hakuna springi inayoibadilisha namba hiyo. Breki, ekseli na chasi zinabaki zilezile.

Watu wengi hudhani hawajabeba kitu. Hesabu pamoja nami: maji lita 60 ni kilo 60. Tangi la pili la dizeli, lita 90, ni kama kilo 75. Hema la juu kilo 60, tairi la pili la akiba 40, friji na vilivyomo 45, betri ya ziada ya asidi 30, kabati za mbao 80, vifaa vya gereji 40. Hizo ni kilo 430, na hujamkaribisha hata abiria mmoja.

Jambo la pili ambalo mizani itakuonyesha ni kwamba gari la kulala halishushi mzigo. Pikapu ya mahindi hupanda imejaa na kurudi tupu, kwa hiyo inahitaji springi ya kuvumilia hali zote mbili. Gari lako linabeba kitanda kilekile Januari hadi Desemba. Kwa hiyo, ukishajua uzito wako, unaweza kununua springi iliyokatwa kwa uzito huo hasa, na huhitaji vikorombwezo vingi.

Nafasi ya kwanza: upepo na kompresa

Naiweka kileleni na sioni haya. Tairi ndiyo springi ya kwanza kukutana na barabara. Kwenye rasta punguza upepo kwa robo hivi. Kama lami unatembea na psi 40 (kipimo cha upepo kwenye geji), shuka hadi 30, na upunguze mwendo pia, kwa sababu tairi laini likikimbizwa hupata joto na kuchanika ubavuni. Ukirudi kwenye lami, jaza. Kwa hilo unahitaji kompresa ndogo inayochomekwa moja kwa moja kwenye betri, sio ile ya kuchomeka kwenye kiberiti cha dashibodi ambayo itakuchosha kabla ya tairi la pili. Ongeza na geji yako mwenyewe. Geji za vituoni kila moja ina dini yake.

Nafasi ya pili: shokapu

Hapa ndipo hela kubwa inapaswa kwenda. Springi hubeba, shokapu ndiyo inayotuliza. Kwenye rasta shokapu hupanda na kushuka mara nyingi kwa sekunde, na kila mpando unageuka joto ndani ya mafuta yake. Mafuta yakichemka hutoa povu, na pistoni inayopita kwenye povu haishiki chochote. Dereva anaona gari limeanza kuelea, usukani unakuwa mwepesi, nyuma inataka kupita mbele. Akisimama nusu saa, shokapu inapoa, gari linapona. Anaondoka akidhani ilikuwa barabara.

Kwa hiyo unaponunua, uliza ni kiasi gani cha mafuta kimo ndani na povu linazuiwaje. Shokapu za kawaida za mirija miwili, mmoja ndani ya mwingine, zenye gesi kidogo ya naitrojeni, kama KYB Excel-G, zinatosha gari la mjini linaloenda kijijini Krismasi. Kwa gari la kulala lenye tani zake, panda ngazi moja: ama mrija mmoja wenye gesi ya msukumo mkubwa, kama Bilstein B6 ya Wajerumani, ambayo hupoa haraka kwa sababu mafuta yako karibu na ukuta wa nje; ama mirija miwili minene ya kazi, kama Old Man Emu na Ironman za Waaustralia. Mrija mmoja una udhaifu wake: jiwe likiubonyeza ubavuni, pistoni inakwama na hapo shokapu imekwisha. Mrija wa nje wa zile za miwili unaweza kubonyea kidogo na kazi ikaendelea. Kwenye njia za mawe makali nachagua miwili minene. Kwenye vumbi na rasta tupu ningechukua mmoja. Koni Heavy Track Raid, za Waholanzi, ziko juu ya hizo zote kwa unene na kwa bei. Kama safari zako ni wiki mbili kwa mwaka, hela hiyo ina matumizi mengine.

Kagua shokapu ulizonazo kwanza. Pita rasta kilomita 20, simama, ukaribie kila shokapu kwa kiganja bila kuigusa, maana zinaunguza. Zote ziwe na joto linalofanana. Iliyo baridi ndiyo maiti: imeacha kufanya kazi, na wenzake wanaibebea. Dalili nyingine ni tairi linaloliwa kwa mawimbi, bonde na kilima, ukipapasa kwa mkono.

Shokapu za bandia ni nyingi, boksi zuri, rangi ileile. Nunua kwa wakala anayekupa risiti na dhamana ya maandishi, hata kama duka la jirani ni nusu bei.

Nafasi ya tatu: springi za uzito wako, sio za uzito wa jirani

Hardtop ya 75, toleo la zamani la familia ya 70, ina springi za majani mbele na nyuma, yaani zile bamba juu ya bamba. Kuanzia 1999, ilipokuja 78, mbele kukawekwa koili na nyuma yakabaki majani. Prado 120 na 150 zina koili pande zote, isipokuwa zile za kifahari zenye mifuko ya upepo nyuma, ambayo ikizeeka huvuja na gari linaamka asubuhi limechuchumaa. Wengi huing'oa wakafunga koili, na sioni sababu ya kuwalaumu.

Kampuni za kueleweka huuza springi kwa daraja la mzigo wa kudumu: isiyo na mzigo, ya kilo mia kadhaa, ya zaidi ya hapo. Hapo ndipo karatasi ya mizani inapolipa. Chukua daraja linalolingana na uzito wa ziada uliomo kwenye gari kila siku. Ukichukua la juu zaidi "kwa usalama", umenunua mkokoteni. Mimi nilikuwa nimebeba kama kilo mia tatu na springi yangu ilikatwa kwa karibu mara mbili yake. Ndiyo maana mayai hayakufika.

Wakati wa kufunga, simamia mambo manne, hata fundi akikuona msumbufu. Yubolti, zile bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli, ziwe mpya, na zikazwe tena baada ya kilomita 500 hivi. Bolti za bushi, ile mipira ya kwenye maungio ya springi, zikazwe gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, sio likining'inia kwenye jeki. Zikikazwa hewani, mpira wa bushi hukaa umejinyonga na kuchanika mapema. Tatu, magari mengi ya aina hii yana valvu ya breki inayosoma mzigo kwa kifimbo kilichoungwa na ekseli ya nyuma. Ukilinyanyua gari bila kurekebisha kifimbo, valvu inadhani huna mzigo na inapunguza breki za nyuma. Nimeuliza mafundi kadhaa habari hii, na zaidi ya mmoja alinitazama kama namtajia jini. Nne, taa za mbele zielekezwe upya, la sivyo utalaaniwa na kila dereva wa lori usiku.

Bushi zibadilishwe hapohapo, gari likiwa limeshafunguliwa. Mpira halisi ni kimya na laini. Poliyurethani hudumu, lakini ikikosa grisi hulia kama mlango wa zizi.

Vinavyofuata, kwa kusitasita

Mifuko ya upepo ya kuongezea ni kifaa kizuri, ingawa haistahili sifa zote inazopewa. Kwenye koili za nyuma, kama za Prado, mfuko mdogo huingizwa ndani ya springi. Ya Air Lift 1000 hujazwa kati ya 5 na 35 psi, na kwa mwenye gari la familia linalogeuka la kulala mara nne kwa mwaka ni jibu la haki: jaza Ijumaa, toa Jumatatu. Dai bomba la kila upande lijitegemee. Fundi akiunganisha pande zote kwa kiungo kimoja cha umbo la T, kwenye kona upepo unakimbia kutoka upande uliolemewa kwenda upande mwepesi na gari linalala zaidi kuliko mwanzo.

Kwenye springi za majani za pikapu, fikiri mara mbili. Jani hugawa uzito kwenye chasi kwa ncha zake mbili. Mfuko unasukuma sehemu moja tu, juu ya ekseli. Ukiwa na kibanda kirefu kinachoning'inia nyuma, sehemu hiyo inakuwa egemeo, na kuna pikapu zilizopinda chasi kwa mtindo huo.

Kuongeza jani la lori kwenye springi chovu ni suluhisho la kukufikisha nyumbani. Kuikunja upya kwa moto wa mkaa sikushauri kabisa: moto unaondoa ukakamavu wa chuma, na baada ya miezi michache kitakuwa kimelala tena. Kwa wenye HiAce, kukaza bolti za tosheni baa za mbele, yaani zile nondo zinazojinyonga badala ya springi, hakuongezi ugumu wala nguvu. Kunanyanyua pua tu, na kunamaliza nafasi ya gurudumu kushuka. Bolijointi, yale maungio ya mpira wa chuma kwenye magurudumu ya mbele, zitakudai.

Vipande vya chuma vya kunyanyulia gari viko mwisho wa orodha yangu. Kwenye 78, mbele ikipanda zaidi ya sentimita 5 hivi, pembe ya usukani inaharibika na gari linaanza kutangatanga kwenye lami, na hapo utanunua bushi za kurekebisha ulichokiharibu.

Usiku: mbao mbili na pimamaji

Ulaya na Marekani, nyumba za magurudumu huwa na jeki za haidroli zinazosawazisha gari kwa kubonyeza kitufe, au mifuko ya upepo iliyochukua nafasi ya springi. Kwenye Fiat Ducato inayolala kwenye viwanja vya lami, zina maana. Kwetu ni uzito, mabomba ya kupigwa mawe na fundi wa kutafutwa.

Hesabu ni rahisi. Upana kati ya magurudumu ya hardtop ni karibu mita moja na nusu, urefu kati ya ekseli karibu mita tatu. Digrii moja ya kulala ubavu inarekebishwa kwa sentimita 2.5 chini ya magurudumu ya upande mmoja. Digrii moja ya mbele na nyuma inataka zaidi ya 5. Kwa hiyo tafuta sehemu iliyonyooka kwa urefu, na upungufu wa ubavu utaumaliza kwa ubao.

Nunua mbao ya inchi 2x8, kata vipande viwili vya sentimita 90 na viwili vya 60, uvipange ngazi. Mkaratusi unatosha. Vibao vya plastiki vya Fiamma au Thule ni vyepesi na vina ngazi tayari, vizuri sana kwenye nyasi na udongo, lakini juu ya jiwe lenye ncha vinaweza kupasuka chini ya gari zito. Pimamaji ya fundi mwashi iweke juu ya kitanda, sio dashibodi. Sawazisha ubavu kwanza, kisha mbele na nyuma, handibreki juu na kigingi kwenye magurudumu yasiyo juu ya mbao. Usilale gari likiwa limeshikiliwa na jeki.

Kama friji yako ni ya gesi, usawa sio anasa, kwa sababu amonia ndani yake huzunguka kwa mteremko wake yenyewe. Ikiinama, ubaridi unakatika. Za kompresa kama Engel hazijali sana. Yetu ni ya kompresa, kwa hiyo siku hizi pimamaji inakaa upande wa mto wa mama watoto, na yeye ndiye anayesema tumefika au bado.