Hifadhi ya Takwimu za Dini ya Pew Research Center: Tathmini ya Mtumiaji

Kwa anayetaka kuelewa jinsi Wamarekani wanavyojitenga na dini, na namna hali hiyo inavyogusa kura zao, hifadhi ya takwimu ya Pew Research Center, taasisi ya utafiti ya Marekani, inayopatikana mtandaoni bila malipo, ndiyo ningeipendekeza kwanza. Uchunguzi wake mkubwa ulifanywa mwaka 2007, 2014 na 2023–24, na kila mara uliwahoji watu wazima zaidi ya 35,000. Ndiyo maana majibu yanaweza kuchambuliwa kwa jimbo, umri au mwelekeo wa kisiasa.

Humo Wakristo wanashuka kutoka asilimia 78 hadi 62, huku wasiofungamana na dini yoyote wakipanda kutoka 16 hadi 29. Kundi hili la pili huelemea chama cha Democratic, ilhali Wakristo weupe wa makanisa ya kiinjili wamebaki ngome ya Republican, hata mijadala ya utoaji mimba na ndoa za jinsia moja haieleweki vyema bila majedwali hayo.

Kasoro zipo. Awamu mbili za kwanza zilifanywa kwa simu, ya tatu ikatumia pia intaneti na karatasi, kwa hiyo tofauti ndogo zisiaminiwe upesi. Tena majedwali hayasemi kama siasa ndiyo inayowatoa watu kanisani au kinyume chake, swali ambalo, kwa maoni yangu, ndilo zito kuliko yote. Wala utabiri usiharakishwe: tangu takriban 2019 mteremko umepungua kasi.

Watafiti wanaweza kupakua data ghafi baada ya kufungua akaunti.