Kofia ngumu ya pikipiki inayofunika kidevu: inalinda nini, inashindwa wapi

Gamba la nje ndilo linalovutia mnunuzi, lakini kazi kubwa hufanywa na povu gumu lililo chini ya kitambaa. Kichwa kinapogonga lami, povu husinyaa na kukipunguza mwendo taratibu kidogo, na nguvu inayofika kwenye ubongo hupungua. Likishabonyea halirudi. Kofia iliyokwisha kupata pigo la ajali haifai tena, hata kama haina mchubuko. Ya mtumba tunaikataa kwa sababu hiyo hiyo.

Kwa pigo la moja kwa moja inafanya vizuri. Mapitio ya tafiti ya 2008 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wa afya, yalikadiria kuwa kuvaa kofia ngumu hupunguza hatari ya jeraha la kichwa kwa 69% na ya kifo kwa 42%. Udhaifu uko kwenye pigo la mshazari: kichwa huzungushwa ghafla, ubongo laini huchelewa kukifuata, na nyuzi za neva huvutika hadi kukatika. Picha ya CT, yaani ya eksirei ya kompyuta inayoonyesha ndani ya kichwa, inaweza kutoka safi, kumbe mtu anasahau, anakasirika ovyo, halali, hawezi kufuata mazungumzo. Hivyo tafuta alama ya ECE 22.06, kiwango cha usalama wa kofia cha Umoja wa Mataifa; toleo lililotangulia, la 22.05, halikupima mzunguko huo wa kichwa.

Pima kichwa kwa utepe, juu kidogo ya nyusi. Kofia sahihi hubana mashavu, na ukiizungusha, ngozi ya uso huenda nayo. Funga mkanda ubakize nafasi ya vidole viwili, kisha isukume kutoka kisogoni kuelekea mbele. Ikitoka kichwani, ni kubwa. Mkanda usipofungwa, kofia inaweza kuruka kabla kichwa hakijafika chini, na fedha yote imepotea bure.

Lawama za joto na ukungu kwenye kioo ni za kweli. Uzito, takriban kilo moja na nusu, shingo huuzoea. Usiisafishe kwa petroli wala thina, maana huyeyusha povu. Maji na sabuni laini yanatosha. Zile za bakuli zinazoacha kidevu na masikio wazi hatuzipendekezi kabisa.

Baada ya ajali, kofia nzuri isikupe imani ya uongo. Damu inaweza kujikusanya polepole chini ya fuvu huku majeruhi akiongea kama kawaida. Akitapika mara kwa mara, maumivu ya kichwa yakizidi, akisinzia isivyo kawaida, akipata degedege au mboni moja ikiwa kubwa kuliko nyingine, apelekwe hospitali mara moja, hata kama saa kadhaa zimepita.